Somo: Vidakuzi vya kivinjari, vinakaa wapi na unavitawala vipi

Asalaam alaykum wanachama. Juzi baada ya Alasiri kaja kijana dukani kwangu hapa Chake Chake, anataka kuchapa barua ya kuombea kazi. Kakaa kwenye kompyuta ya wateja, kafungua kivinjari, na kabla hajaandika herufi moja ikamfungukia barua pepe ya mtu mwengine, orodha nzima, hata iliyoingia dakika ile ile. Mwenyewe aliondoka tangu asubuhi. Alifunga dirisha akadhani katoka.

Kilichomwachia mlango wazi ni kidakuzi. Wengine mnaita kuki, ni kitu hicho hicho.

Seva ya tovuti, yaani ile kompyuta ya mbali inayokutumia kurasa zake, kwa asili haina kumbukumbu. Kila ukurasa unaofungua, kwake wewe ni mgeni, hata kama ulibonyeza sekunde mbili zilizopita. Ni kama muuza duka msahaulifu: umemwambia akupimie kilo mbili za mchele, ukigeuka kutazama sukari anakuuliza wewe nani. Mwaka 1994 mhandisi wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, Lou Montulli, akapata dawa yake. Muuza duka akupe kikaratasi chenye namba, ukitie mfukoni, na kila ukirudi umwoneshe. Yeye ana daftari lake. Namba ikilingana, anakumbuka kikapu chako na kwamba neno la siri ulishalitoa.

Kikaratasi chenyewe ni maandishi matupu, kwa kawaida kimoja hakizidi baiti 4,096. Si programu na si virusi, hakiwezi kujiendesha. Ila aliyekishika ndiye wewe, kwa macho ya seva. Ndiyo maana yule kijana alisomewa barua zisizo zake bila kuulizwa chochote.

Shikeni hili moja: mfuko ni wenu. Kikaratasi kinakaa kwenye simu yako, si kwa muuza duka, kwa hiyo kukitupa ni juu yako.

Sasa udaku. Neno lenyewe kidakuzi sikio la Mswahili linasikia udaku humo ndani (si daku la Ramadhani, msije mkachanganya). Kwa kikaratasi cha mwenye duka ni kukionea. Lakini vipo vya wageni, na hapo jina limekaa pahala pake. Chukulia unapita maduka ya Darajani, na ndani ya kila duka, pembeni, kakaa kijana mmoja wa kampuni ya matangazo. Duka la vitambaa anakutilia kikaratasi chake. Duka la dawa yumo yeye yule, anakisoma, anaandika. Duka la vifaa vya watoto, yumo. Muuza vitambaa anajua umenunua shuka laini, wa dawa anajua umeulizia dawa ya kichefuchefu. Yeye peke yake anajua vyote viwili, na nyumbani hujamwambia mtu. Kwenye tovuti kijana huyo ni tangazo, au kitufe cha kupenda, au picha ya nukta moja usiyoiona kabisa.

Twende kazini. Natumia Chrome ya Android kwa sababu simu nyingi ninazoletewa mezani ndizo hizo. Maneno ya menyu hubadilika kidogo toleo hadi toleo.

Hatua ya 1. Tazama kwanza. Fungua tovuti yoyote ya habari, gusa alama ndogo iliyo kushoto ya anwani juu, kisha sehemu ya vidakuzi. Usifute kitu bado.

Hatua ya 2. Zuia vya wageni. Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na inachukua nusu dakika. Vitone vitatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, halafu vidakuzi vya washirika wengine; chagua kuzuia. Safari, kivinjari cha iPhone, inavizuia yenyewe tangu 2020, na Firefox tangu 2022 inaipa kila tovuti mtungi wake, kijana wa matangazo asichote huku akamimina kule. Google nao walitangaza mwaka 2020 kwamba wataviondoa kwenye Chrome ndani ya miaka miwili. Wakaahirisha, wakaahirisha tena, na Julai 2024 wakaghairi. Kampuni inayoishi kwa matangazo, sijui nani alishangaa. Kwa hiyo kwenye Chrome fanya kwa mkono wako.

Hatua ya 3. Futa kwa kuchagua. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanaingia kwenye kufuta data ya kuvinjari, wanatia alama kila kisanduku, kipindi chote, kisha wananipigia simu kwamba akaunti zao zimewatoa na neno la siri hawalikumbuki. Andika kwanza maneno ya siri unayoyahitaji. Ukifika hapo tia alama kwenye vidakuzi, uondoe alama kwenye picha na faili za akiba. Akiba si udaku mkubwa. Ni picha ulizokwisha kuzipakua, na ukizifuta utazilipia bando mara ya pili. Kama kero ni tovuti moja tu, rudi Mipangilio ya tovuti, itafute kwenye orodha, futa yake peke yake.

Hatua ya 4. Mabango. Lile bango la kuomba ruhusa huwa na kitufe kikubwa cha rangi cha kukubali, na cha kukataa kimejificha kwenye maandishi ya kijivu. Kitafute. Vile vya lazima, vya kikapu na kuingia kwenye akaunti, vitabaki, usiogope. Mahakama ya Ulaya iliamua Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama na mwenye tovuti hakihesabiki kuwa ni ridhaa, kwa hiyo ukikikuta, jua unafanyiwa ujanja.

Hatua ya 5. Kompyuta isiyo yako, iwe ya skuli, ofisini au ya kwangu: bonyeza kitufe cha kutoka ndani ya akaunti, ndipo ufunge dirisha. Bora zaidi anza na Hali Fiche tangu mwanzo, lile dirisha la kivinjari lisiloweka kumbukumbu ya ulikopita, maana ukifunga madirisha yake yote vikaratasi vinakwenda nayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wete: Mwalimu, nimezuia vyote kabisa na sasa siwezi kuingia kwenye tovuti ya chuo. Kila nikitia neno la siri narudishwa mwanzo.

Jibu: Umemnyima muuza duka hata kikaratasi chake. Ruhusu vidakuzi, kisha uzuie vya washirika wengine tu. Ikigoma bado, gusa ile alama ya kushoto ya anwani, uiruhusu tovuti hiyo peke yake.

Mwanachama, Jambiani: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya wageni na tovuti yake, wageni wangu wengi ni Wataliani na Wajerumani. Na mimi niweke bango?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza uliza tovuti yako inaweka vidakuzi gani. Kama ni cha kukumbuka lugha aliyochagua mgeni na cha fomu ya kuagiza chumba, huna kubwa la kuomba. Lakini aliyekutengenezea akikutilia kihesabu cha wanaoingia tovutini au matangazo, basi sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inaweza kukugusa ukiwa hapo hapo Jambiani, kwa kuwa unawauzia watu walio Ulaya. Wafaransa hawana mchezo: Desemba 2020 waliitoza Google euro milioni 100 na Amazon milioni 35 kwa kuweka vidakuzi kabla ya ruhusa. Wewe hawatakufuata kwa hizo, lakini mimi ningeondoa kihesabu nisichokisoma. Hapa kwetu pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Mwanachama, Mkoani: Je, Hali Fiche inanificha na kampuni ya simu?

Jibu: Hata. Inaficha kwa atakayeishika simu yako baada yako. Mtandao unaokupa bando bado unaona umekwenda tovuti gani, na tovuti yenyewe inakuona ukiwa ndani.

Mwanachama, Mwanakwerekwe: Nimefuata hatua zote, lakini nilitazama mashine ya boti kwenye kivinjari na bado Facebook inanionesha mashine za boti.

Jibu: Kaka, programu ya Facebook ina mfuko wake. Ukibonyeza kiungo ndani yake, kinafunguka kwenye kivinjari chake, si Chrome uliyoisafisha. Na programu za simu haziishi kwa vidakuzi tu, zina kitambulisho cha matangazo cha simu yenyewe. Ingia Mipangilio ya simu, Google, Matangazo, ukifute. Na kama kwenye duka la mashine ulijiandikisha kwa namba ya simu ile ile iliyo Facebook, hapo hakuna kikaratasi cha kufuta. Jina umelitaja mwenyewe.

Mwanachama, Chake Chake: Fundi, huyo wa asubuhi asije akawa mimi! Nilikuja kuchapa fomu za mtoto. Nije mbio?

Jibu: Usije mbio, tumia simu. Fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utaona orodha ya vifaa vilivyoingia. Chagua kompyuta usiyoitambua, uitoe. Seva itaifuta namba ile kwenye daftari lake, na kikaratasi popote kilipo kinakuwa karatasi ya kufungia kashata. Mimi nilishabonyeza kutoka tangu juzi, lakini hakikisha mwenyewe. Na fomu ulizisahau kwenye printa, kurasa mbili, nimekuwekea.