Kurekodi albamu ya gitaa na sauti chumbani kwako Dar

Mwaka 1982 mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alitoa Nebraska, albamu aliyoirekodi nyumbani New Jersey kwa mashine ya kaseti ya njia nne (inayorekodi sauti nne, kila moja peke yake) na maiki mbili za Shure SM57. Alikusudia iwe mifano tu ya kuipa bendi yake. Bendi ikajaribu studio, lakini roho ya nyimbo ikabaki kwenye kaseti. Kazi ya namna hiyo inawezekana hata Sinza.

Hatua ya 1: Chumba. Egemeza godoro ukutani nyuma yako, dirishani ning'iniza blanketi. Piga kofi moja. Ukisikia mwangwi, ongeza nguo. Zima friji na feni. Najua joto la Februari bila feni ni mateso, kwa hiyo rekodi wimbo mmoja, washa feni, jifute jasho, kisha endelea. Mimi hurekodi kuanzia saa saba usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri. Baada ya hapo kunguru na bodaboda hawakuachi.

Hatua ya 2: Nyuzi. Funga mpya siku mbili kabla, zitulie. Zifute kila ukimaliza, maana jasho na hewa ya chumvi huzila upesi.

Hatua ya 3: Maiki. Ya gitaa ielekeze freti ya 12, umbali wa shubiri moja. Ukiielekeza kwenye tundu la gitaa utapata ngurumo. Ya sauti ikae kando kidogo ya mdomo, "p" na "b" zisiipige.

Hatua ya 4: Imba na upige kwa pamoja. Hapa sikubaliani na maprodyuza wengi wanaotaka gitaa kwanza, sauti baadaye. Ukiimba huku unapiga, mkono husubiri pumzi. Katika wimbo wangu mmoja kidole kinasikika kikiteleza kwenye uzi mnene, kabla tu ya neno "mama". Nilirudia mara sita nikikikwepa, na kila mara wimbo ukapoa. Nikarudi kwenye ule wa kwanza, kidole na vyote.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nina simu tu, nifanyeje?
Marahaba. Simu inatosha kuanzia. Zima mtandao, iweke juu ya kanga iliyokunjwa, usawa wa kifua, hatua moja mbele yako.

Kaka, nikiongeza ngoma na kinanda si itanoga zaidi?
Kwanza umwimbie mtu mmoja ukiwa na gitaa tu. Akikusikiliza hadi mwisho, huhitaji ngoma. Kama kuna pengo, harmonika inatosha.

Na mvua ya masika juu ya bati?
Wimbo wa furaha, subiri ikatike. Wa huzuni, uache unyeshewe. Ila rekodi pia dakika moja ya mvua peke yake, utaihitaji kuziba pale utakapokata.