Msimbo wa HS wa mbao za paini na mbao za urembo: fanya hivi kabla kontena halijafika

Wiki mbili zilizopita nilikaa na mzee mmoja, fundi wa Kilifi, aliyeagiza kontena lake la kwanza la mbao kutoka Sweden kupitia Mombasa. Ndani mlikuwa na mbao za paa, mbao za kuvalisha kuta, skatingi, na vipande vya urembo vya kuzungushia milango. Ankara ilikuwa na mstari mmoja tu, "mbao laini zilizorandwa", na msimbo mmoja wa HS (mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, unaotumiwa na forodha) kwa mzigo mzima. Nikamwambia, "Mzee, hii tuirudishe." Haya ndiyo tuliyofanya baada ya hapo. Nachukulia tayari una PIN (namba ya mlipakodi), una wakala wa forodha, na cheti cha afya ya mimea umekishughulikia.

Hatua ya 1: Usiuchukue msimbo wa muuzaji ulivyo

Tarakimu sita za kwanza ni zilezile katika kila nchi inayotumia HS. Zinazofuata kila nchi hupanga zake: Marekani hufika kumi, sisi wa Afrika Mashariki tunaishia nane. Halafu angalia toleo la HS. Bado naona ankara zenye 4407.10, msimbo wa mbao za miti ya koni uliogawanywa toleo la 2017 lilipoanza. Leo tunatumia la 2022.

Hatua ya 2: Pata jina la mti, la kisayansi

Futa neno "mbao laini" kwenye karatasi zako. Kitabu cha ushuru hakiulizi ubao ni mgumu kiasi gani, kinauliza kama mti ni wa jamii ya koni. Balsa hubonyea kwa ukucha na si mti wa koni. Mvinje wetu wa pwani una majani kama sindano na vitunda vinavyofanana kabisa na koni, nao pia si wa jamii hiyo. Saipresi na podo ni wa jamii hiyo.

Mbao zilizopasuliwa za miti ya koni zinagawanyika hivi: 4407.11 ni msonobari (Pinus, yaani paini), 4407.12 ni Abies na Picea, 4407.13 ni mchanganyiko wa Picea, Pinus na Abies unaouzwa kwa jina la S-P-F, 4407.14 ni mchanganyiko wa hem-fir (hemlock na Abies), na 4407.19 ni miti mingine yote ya koni, saipresi na podo zikiwemo.

Majina ya biashara ndiyo mtego. Muuzaji wa Sweden akiandika "redwood" anamaanisha Pinus sylvestris, kwa hiyo ni 4407.11. Neno hilohilo likitoka California ni Sequoia, na hiyo ni 4407.19. "Whitewood" ya Sweden ni Picea abies, 4407.12. Nayo "Douglas fir", japo ina "fir" kwenye jina, si Abies bali ni Pseudotsuga, inaingia 4407.19. Muuzaji akikataa kukuandikia jina la Kilatini kwenye ankara, mimi ningetafuta muuzaji mwingine.

Hatua ya 3: Tazama ncha ya ubao

Hapa soma polepole. Swali ni kama ubao wako ni wa kichwa (tarakimu nne za kwanza za msimbo) cha 4407 au cha 4409, na vichwa hivi viwili vinaweza kuwa na viwango tofauti vya ushuru.

4407 ni ubao uliopasuliwa kwa urefu, wenye unene unaozidi milimita 6. Kurandwa hakuutoi humo. Kupigwa msasa hakuutoi. Kuungwa ncha kwa meno ya vidole hakuutoi. Dawa ya mchwa nayo haiutoi. Watu wengi hudhani ubao uliorandwa ukang'aa umeshakuwa "bidhaa iliyokamilika" na wanaupeleka 4409, wanaweza kulipa zaidi bila sababu.

4409 ni ubao uliochongwa umbo linaloendelea kwenye ukingo, ncha au uso wake: ulimi, mfereji, ukingo uliokatwa mshazari, V, bidingi, mviringo na maumbo ya aina hiyo. Wa miti ya koni ni 4409.10, uwe paini au saipresi. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukiukata ubao popote katika urefu wake, je, sura ya mkato ni ileile, na je, ina umbo zaidi ya mstatili? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, uko 4409. Umbo la nakshi linalojirudia kwa mpangilio nalo limo. Hapa hakuna sharti la milimita 6, kwa hiyo bidingi nyembamba ya milimita 5 haiendi 4408 pamoja na veneer (tabaka jembamba la mbao la kubandika).

Kosa langu lilikuwa kutotazama ncha. Miaka michache iliyopita niliandika mzigo mzima 4407.11 kwa sababu ankara ilisema mbao za paini zilizorandwa na picha zilipigwa kutoka juu. Kontena lilipofunguliwa, theluthi ya mbao zilikuwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Kutoka juu huoni kitu, ila ukiinama kwenye ncha unaona mara moja. Siku tatu za yadi, tamko likarekebishwa, tofauti ya ushuru ikalipwa, na mteja alikuwa na kila haki ya kunikasirikia. Tangu hapo sianzi tamko bila picha ya ncha ya kila aina ya ubao, kalipa (kifaa cha kupimia unene) ikiwa imeshikizwa juu yake. Kalipa, si tepu. Tepu haikupi tofauti ya milimita 5.8 na 6.2.

Kuna mengine ya kuangalia hapohapo:

- Ncha zilizochimbwa matundu au kukatwa ndimi za kuungia fremu hupeleka ubao 4418, kazi za useremala wa majengo.
- Urembo uliotengenezwa kwa kubandika kipande kimoja cha umbo juu ya kingine hutoka 4409, unakwenda 4418 au 4421 (bidhaa nyingine za mbao).
- Rangi ya msingi au vanishi haiutoi ubao 4409.
- Kona zilizolainishwa kidogo tu ili zisichome mikono ndizo zinazoleta ubishi, kwa sababu maneno ya 4409 yanataja ukingo wa mviringo. Usikisie. Nenda hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kwangua rangi

Skatingi nyingi nyeupe si mbao. Kwangua ncha: ukiona nyuzi na pete za mti, au mstari wa meno ya kuungia, ni mbao. Ukiona unga ulioshikamana usio na pete, ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa), na hiyo hubaki 4411 hata ikichongwa umbo zuri namna gani. Maelezo namba 4 ya Sura ya 44 yanasema hivyo waziwazi. Unene ndio unaogawa: hadi milimita 5 ni 4411.12, zaidi ya 5 hadi 9 ni 4411.13, zaidi ya 9 ni 4411.14. Nusu ya vipande vya milango vya mzee wa Kilifi viliangukia hapa.

Hatua ya 5: Kiwango, na uamuzi wa mapema

Ngazi za ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, lakini usikariri mbao ziko ngazi ipi. Fungua jedwali la ushuru na gazeti rasmi la Jumuiya la mwaka huo, kwa sababu mabadiliko huanza kila Julai pamoja na bajeti.

Ukibaki na shaka, omba forodha uamuzi wa mapema kwa maandishi kabla meli haijaondoka, ukiambatanisha picha za ncha, vipimo na jina la mti. Kama uamuzi umeshatolewa bandarini na hukubaliani nao, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 kinakupa siku 30 kuomba upitiwe upya. Hifadhi kipande cha sentimita 10 cha kila aina, kimeandikwa namba ya mstari wa ankara. Mzee ana vyake vinne kwenye droo ya karakana.