Jinsi ya kujenga maadili kwenye saccos au benki ndogo ya kijijini

Tangu itoke Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 saccos (vyama vya kuweka na kukopa) ziko daraja la tatu na vikoba (vikundi vya akiba na mikopo) la nne, leseni na usajili vinafuatiliwa, sawa. Ila leseni haimfanyi afisa mikopo aone kwamba anachofanya ni kosa, na huku kwetu Dodoma, Kongwa, Bahi, Chamwino, wengi wanaoharibu hawaoni kabisa, wao wanajua ni undugu tu au shukrani. Anzeni hapo.

Mama katoka Hombolo na kuku wa kienyeji, kamfunga miguu, anamsukumiza chini ya meza ya afisa wakati fomu yake ya mkopo haijafika kwenye kamati. Ukikataa umemdharau, ukipokea basi wiki ijayo asiye na kuku ataambiwa njoo kesho. Kaeni mkubaliane mapema, mkopo ukiwa mezani zawadi haipokelewi, na wote mseme maneno yaleyale, "asante sana mama, ofisi hairuhusu, kamle na wajukuu". Hapo hakuna anayeonekana ana roho mbaya.

Mjumbe wa kamati akiona jina la shemeji yake kwenye waombaji atoke nje, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Itatokea karibu kila kikao, kijiji ni kimoja, msioneane aibu.

Riba ndo panaponiuma zaidi. Mtu anaambiwa asilimia 3 anafurahi, haambiwi kwamba ni kwa mwezi na inapigwa kwenye mkopo wote hata kama kesharejesha nusu. Milioni 1 kwa miezi 10 ni riba laki 3, yaani marejesho 130,000 kila mwezi, mtajie hivyo kwa shilingi, kwa mdomo, taratibu, kabla hajaweka dole gumba. Na mkulima wa alizeti mpangie marejesho yafuate mavuno, ukimbana Januari ghala tupu atakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya.

Meneja nae, kama kila asubuhi anauliza tu umekusanya ngapi, vijana watampa mteja mkopo mpya alipie wa zamani ili vitabu vipendeze. Aulize pia jana tumemkatalia nani na kwa nini. Kila mwezi jadilini kisa kimoja bila kutaja mteja, keshia awepo na mlinzi awepo, mlinzi anasikia mengi pale getini.

Anayeogopa kusema ndani apige TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure, namba hiyo bandikeni upande wa kaunta anaosimama mteja.