Kabla Shule Haijafungwa Mwezi Juni: Mambo ya Kuzingatia kwa Mzazi wa Mtoto wa Shule ya Msingi

Nafundisha shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa jiji la Mwanza. Siku ya kufunga shule, foleni ya wazazi huanza mlangoni pa darasa langu saa tatu asubuhi. Mmoja anataka kujua kwa nini mwanawe ameshuka, mwingine anaomba uhamisho, mwingine ndio kwanza anasikia kwamba kitabu cha Sayansi kilipotea tangu Machi. Maswali yote hayo ni ya haki. Lakini darasa lina watoto 86, na nikimpa kila mzazi dakika tano tu, zinapita saa saba nzima. Mchana walimu wanakabidhi funguo, na anayesafiri anawahi gari lake.

Ndiyo sababu nawaomba wazazi waanze kuifikiria siku ya kufunga wiki mbili kabla. Siku yenyewe ibaki kuwa ya kupokea ripoti, kuwatazama watoto wakiimba na kughani ngonjera zao, na kuagana. Jambo lolote linalohitaji jibu la mwalimu liletwe wakati mwalimu bado ana nafasi ya kukaa chini na wewe.

Kubwa kuliko yote, hakikisha unajua kama mtoto wako anasoma. Usingoje ripoti ikuambie. Jioni moja, kazi zikiisha, mpe maandishi ambayo hajawahi kuyaona: kipande cha gazeti, maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga, tangazo la mbio za mwenge lililobandikwa ukutani. Asikusomee daftari lake, kwa sababu watoto wengi wanakariri. Nimewahi kuwa na binti wa Darasa la Pili aliyekuwa anasoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukosea, na nilipofunika picha kwa kiganja akanyamaza. Alikuwa amezishika hadithi kwa kuzisikia kwa wenzake. Mama yake alikuwa na hakika kwamba mwanawe anajua kusoma, na ushahidi aliokuwa nao ulimtosha mzazi yeyote.

Mtoto akikwama, sikiliza anakwama wapi. Kuna anayeshindwa silabi za herufi tatu kama "mba", "nya" na "ng'a" wakati "ba" na "na" anazisoma vizuri. Kuna anayesoma kila neno, lakini ukimuuliza amesoma nini, hana la kusema. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Njoo unieleze hivyo hivyo ulivyoona. Ukija wiki mbili kabla ya kufunga, nitakuandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya kwa mwezi wa likizo, robo saa kila siku, na nitakuonyesha namna ya kufanya hata kama wewe mwenyewe hukusoma sana. Ukija siku ya kufunga, nitakachoweza kukuambia ni "msimamie asome", na maneno hayo hayamsaidii mtu.

Kwa watoto wa madarasa ya chini, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ndiyo elimu yenyewe. Mtoto akifika Darasa la Tatu bila kusoma, kila somo linageuka kuwa kitu cha kunakili ubaoni, na anaweza kunakili hivyo miaka kadhaa, kwa mwandiko mzuri kabisa, pasipo mtu kugundua.

Sasa ripoti. Alama za kila somo kwenye ripoti zetu ni kati ya 50, kama zilivyo kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi. Kuanzia 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na chini ya hapo ni E. Nayarudia kila muhula kwa sababu ya kijana mmoja aliyepata 38 ya Hisabati. Mwanzo wa mwaka alikuwa na 19, kwa hiyo alikuwa ametoka D hadi B, na nilijua alivyohangaika kufika pale. Baba yake aliisoma kama 38 kwa 100 na akamchapa jioni ileile. Mimi sikujua hadi shule ilipofunguliwa Julai, mtoto mwenyewe aliponiuliza kama B ni mbaya. Tangu siku hiyo naandika "kati ya 50" kwa wino mwekundu mbele ya kila alama, na bado nakuomba uulize usipoelewa.

Kuhusu nafasi ya mtoto darasani, usiikalie sana. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwanzoni mwa 2023 kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na mimi naona lilifanya vema. Mtoto anaweza kupanda alama katika kila somo na bado akashuka nafasi, kwa vile wenzake nao wamepanda. Linganisha ripoti ya sasa na iliyopita, somo kwa somo. Halafu teremka hadi kwenye mstari wa mahudhurio, ambao wazazi wengi hawausomi. Ukikuta siku 20 za kutohudhuria wakati kila asubuhi ulimwona akitoka na begi, hilo ni la kuzungumza na mwalimu mapema kuliko alama zote.

Wenye watoto wa Darasa la Saba wana ya kwao. Mtihani ni Septemba, masomo sita, jumla ya alama 300, na likizo ya Juni ndiyo mapumziko yao marefu ya mwisho kabla ya hapo. Hakikisha jina la mtoto kwenye usajili linafanana herufi kwa herufi na cheti chake cha kuzaliwa. Jofrey na Godfrey kwa kuita ni mtu mmoja, lakini kwenye cheti ni watu wawili, na kurekebisha baadaye kunagharimu safari na pesa. Kama shule imepanga kambi ya masomo, uliza watoto watalala wapi, nani atakuwa nao usiku, watakula nini, na mchango ulikubaliwa kwenye kikao gani. Usione aibu kuuliza hayo ya usiku, hasa kwa mabinti. Na mtoto apate walau siku chache za kulala hadi jua lichomoze.

Wa Darasa la Nne nao wana upimaji wa kitaifa baadaye mwaka huohuo, na wazazi huusahau kwa kuwa macho yote yako kwa la Saba. Kuna jambo jingine linalowakanganya wengi. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 ndio walioanza mtaala mpya, ambao elimu ya msingi ni miaka sita. Watamaliza wakiwa Darasa la Sita, mwaka 2027, sambamba na kundi la mwisho la Darasa la Saba. Kama ulikuwa unahesabu miaka saba, hesabu yako ya pesa na ya sekondari imezidi kwa mwaka mzima.

Kikao cha wazazi kwa kawaida kinaitwa katika wiki hizo za mwisho. Hudhuria, hata kama ni kwa kumtuma shangazi au babu wa mtoto. Michango ya lazima iliondolewa shule za msingi za umma kuanzia Januari 2016, lakini uji na makande ya watoto bado yanatokana na makubaliano ya wazazi, na makubaliano hayo yanafanyika kikaoni. Ukikosa, wengine wanaamua kwa niaba yako. Uliza magunia mangapi ya mahindi na maharage yaliingia, yametumika mangapi, na yaliyobaki yatahifadhiwa wapi mwezi mzima shule ikiwa imefungwa. Mahindi yakiachwa bila dawa yanabunguliwa. Na kama hujamaliza mchango wako, zungumza na kamati ya shule kabla. Usimzuie mtoto nyumbani kwa kuona haya, maana mtoto hatakiwi kurudishwa wala kunyimwa masomo kwa deni la mzazi.

Vitabu vya shule vinahesabiwa kabla ya kufunga. Pekua begi, chini ya kitanda na kwa majirani. Ukiwa na simu ya intaneti, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake na vinasomwa bure, hivyo kitabu cha shule kikirudi kabatini mtoto hajaachwa mikono mitupu.

Kama mnahama, uhamisho usiwe jambo la asubuhi ya safari. Unafanyika kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na kila mwanafunzi ana namba yake humo. Chukua namba hiyo, uiandike mahali pa kudumu, na umwone mwalimu mkuu akiwa bado ofisini. Nimewaona watoto waliokaa wiki kadhaa nje ya darasa huko walikohamia kwa sababu mzazi aliondoka bila kuaga.

Halafu kuna safari. Juni huku kwetu ni wakati wa kuvuna pamba, na watoto wengi wanapelekwa kwa bibi na babu Bariadi, Maswa na Meatu. Napenda waende. Mtoto wa mjini anajifunza Kisukuma, anawajua binamu zake, anakula viazi vya kuchoma. Kusaidia kuchuma pamba asubuhi pamoja na familia ni malezi. Kinachotuumiza ni mtoto kuwa kibarua wa kutwa nzima kisha akarudi Julai mikono imechanika na likizo hajaiona. Patana na wazee wake mapema: achume hadi saa ngapi, acheze saa ngapi, na lini hasa atapanda gari la kurudi. Nauli ya kurudi mpe bibi siku ileile unayompeleka mtoto, kwa sababu nauli inayosubiri kutumwa ndiyo inayochelewesha watoto wengi.

Mtoto mdogo asisafiri peke yake. Ikibidi kwa aliye mkubwa kidogo, andika kwenye karatasi jina lake, anakokwenda, namba yako na namba ya atakayempokea. Karatasi moja iwe mfukoni, nyingine ndani ya begi. Piga picha tiketi, uandike namba ya gari, na mpokeaji awe stendi kabla basi halijafika. Wanaokwenda Ukerewe na visiwani, muulize mhudumu boya la mtoto liko wapi kabla chombo hakijang'oa nanga. Sisi wa ziwani hatujaisahau MV Nyerere, iliyozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Familia zilizoomboleza bado tunaishi nazo.

Mtoto anayetumia dawa kila siku aondoke na dozi ya likizo nzima, si ya wiki moja, pamoja na kadi yake ya kliniki. Binti mwenye umri wa miaka 9 hadi 14 ambaye hakupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi shuleni, muulizie kituo cha afya.

Lililo gumu kulisema nalisema kwa sababu nimelishuhudia. Wako watoto wanaofunga shule wakiwa na furaha na kurudi wamenyamaza. Kabla ya likizo, keti na mtoto wako umweleze kwa maneno anayoyaelewa kwamba mwili wake ni wake, kwamba hakuna mjomba, jirani wala kaka wa jirani mwenye ruhusa ya kuugusa kwa siri, na kwamba akikuambia hutamchapa wala hutamwita mwongo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mfundishe namba 116, simu ya msaada kwa mtoto. Ni bure. Darasani kwangu tunaiimba wiki ya mwisho hadi wa mwisho aijue, nawe irudieni nyumbani. Ukimwacha na dada wa kazi au na wadogo zake mchana kutwa, jirani mmoja unayemwamini ajue hivyo, na ndoo za maji na jiko la mkaa vikae mbali na mtoto anayetambaa.

Sare ifuliwe na kushonwa palipochanika wiki ya kwanza ya likizo, si usiku wa kuamkia kufungua. Viatu vipimwe upya, miguu ya watoto haingoji Januari.

Mwisho, chukua namba yangu ya simu kabla hujatoka getini, nami nichukue yako ya sasa, maana nyingi kwenye daftari langu hazipatikani. Zikibaki siku tatu kufungua, nitumie ujumbe mfupi: mtoto amerudi, au bado yuko kijijini na atafika siku fulani. Mwaka jana Julai nilipoita majina siku ya kwanza, watoto kumi na mmoja hawakuitika. Tisa walikuwa wamechelewa tu. Wawili nilianza kuwatafuta wiki ya tatu, na mmoja nilimkuta mwaloni, kando ya ziwa, anaanika dagaa. Sasa yuko darasani, dawati la pili kutoka dirishani.