Somo: Kukagua oili ya giaboksi ya helikopta, na nini cha kufanya chembe ikionekana

Injini ya helikopta ikizimika angani, rubani bado ana njia. Anashusha kolektivu (mkono unaobadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja), upepo unaopanda kupitia mapanga unaendelea kuyazungusha, naye anatafuta mahali pa kutua. Giaboksi kuu, yaani sanduku la gia lililo kati ya injini na mapanga, ikikwama au gia zake zikikatika, njia hiyo haipo. Nguvu yote ya injini inayokwenda kwenye mapanga makuu inapita humo, ndege nzima inaning'inia kwenye mapanga kupitia hapo, na hakuna giaboksi ya akiba.

Mfano wangu mkuu ni helikopta ya AS350, kwa sababu ndiyo inayoonekana sana uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kwenye kazi za uokoaji Kilimanjaro. Shafti ya injini inaingia giaboksi kuu ikizunguka takriban mara elfu sita kwa dakika, na mapanga juu yanazunguka mara 390 hivi. Tofauti hiyo inabebwa na meno ya gia na beringi, na kati ya chuma na chuma kuna utando mwembamba wa oili tu. Giaboksi kuu ina pampu, filta na kipoza oili. Ile ya mkiani haina pampu: gia zenyewe zinachota oili na kuirusha. Helikopta kubwa kama Mi-8 zina giaboksi ya tatu, pale shafti ya mkia inapopinda kwenda juu.

Vipimo, saa na torki (nguvu ya kukaza nati) vyote vinatoka kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege yako, toleo linalotumika leo. Ninachoeleza hapa ni macho yaangalie nini na mikono ifanye nini. Jambo moja nataka likae kichwani kabla hatujaanza: chembe ya chuma ikipatikana, kazi haifungwi mpaka ijulikane imetoka kwenye kipande gani.

Hatua ya 1: Soma kumbukumbu kabla ya kushika spana

Tafuta ni lini oili iliongezwa na kiasi gani. Giaboksi haichomi oili kama injini ya pistoni. Kiwango kikishuka, oili imevuja mahali fulani. Fundi akiongeza kidogo leo bila kuandika, na mwenzake akaongeza kidogo wiki ijayo bila kuandika, uvujaji unakua na hakuna anayeuona. Kila tone liandikwe.

Hatua ya 2: Kiwango na rangi

Ndege iwe imesimama sawa na muda uliotajwa kitabuni uwe umepita tangu kuzimwa. Safisha kioo cha oili (kidirisha cha kuonea kiwango), kisha umulike kwa tochi kutoka pembeni.

Kwenye giaboksi ya mkia pana mtego unaowapata wengi. Kioo kilichozeeka hubaki na alama ya kahawia pale oili ilipozoea kufika, na alama hiyo hudanganya macho: unaona mstari, unasema kiwango kiko sawa, kumbe ndani ni pakavu. Shika mkia pale mtengenezaji anaporuhusu kusukumwa, uutikise taratibu. Oili ya kweli itacheza, alama haitacheza. Kioo kikiwa na alama ya namna hiyo, kibadilishwe.

Rangi nayo inasema. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi. Povu jingi linaonyesha hewa inaingia au oili imezidi.

Hatua ya 3: Uvujaji na mabomba

Futa kwanza, ndipo ukague. Kwenye giaboksi iliyojaa vumbi na oili ya zamani huwezi kutofautisha uvujaji wa leo na wa mwezi jana. Fuata kila bomba kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho ukitafuta mahali linapogusana na bomba jingine au na ukingo wa kava. Angalia sili za shafti, mapezi ya kipoza oili (vumbi la Turkana au Amboseli huyaziba, na joto la oili hupanda bila hitilafu nyingine yoyote), nati na waya wa kufungia.

Hatua ya 4: Plagi ya sumaku

Hapa usiwe na haraka. Plagi ya sumaku inakaa kwenye njia ya oili na kunasa vipande vya chuma. Nyingi zina ncha mbili, na chembe ikiziunganisha taa inawaka mbele ya rubani.

Toa plagi. Nyuma yake pana vali inayojifunga kuzuia oili isimwagike. Oili ikiendelea kuchuruzika, vali hiyo ni mbovu, na hiyo ni kasoro ya kuandikwa peke yake. Usifute plagi kwa tambara! Ukifuta umetupa ushahidi. Iangalie kwanza kwa lenzi ya kukuza mara kumi chini ya mwanga mkali, ipige picha, kisha hamishia chembe kwenye mfuko safi wa plastiki wenye namba ya ndege, jina la giaboksi, tarehe na saa za kuruka.

Unga laini wa kijivu unaosimama kwenye sumaku kama manyoya mara nyingi ni uchakavu wa kawaida, hasa giaboksi ikiwa mpya au imetoka kufanyiwa ukarabati mkubwa. Nyuzi ndefu zilizojikunja huwa mabaki ya kuchongwa kwa chuma. Cha kuogopa ni kipande bapa, upande mmoja unang'aa kama kioo na upande wa pili una chembechembe za kukwaruza. Upande unaong'aa ndio uso wa beringi au jino la gia. Kipande hicho kimebanduka, na mahali kilipobanduka ufa unaweza kuwa unatembea kuelekea ndani.

Tarehe 25 Machi 2009 chembe ya sumaku ilipatikana kwenye giaboksi ya Super Puma AS332 L2 yenye usajili G-REDL huko Scotland. Mawasiliano ya simu na barua pepe kati ya waendeshaji na mtengenezaji yalipishana, na sehemu ya gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati) haikufunguliwa kukaguliwa. Ukaguzi uliofuata haukuonyesha kitu. Tarehe 1 Aprili, ikirudi kutoka kwenye jukwaa la mafuta la Miller, gia ya sayari ya hatua ya pili ilipasuka, rota kuu (mapanga ya juu) ikang'oka, na watu wote 16 wakafa. Ripoti ya uchunguzi ya Uingereza ilitaja pia duara la sumaku ndani ya giaboksi lililokuwa likinasa vipande kabla havijafika kwenye plagi. Kwa hiyo kimya cha plagi baada ya chembe ya kwanza hakikuwa habari njema.

Ukimaliza, pima saketi: washa umeme, unganisha ncha mbili kwa kipande cha waya, taa iwake. Kisha weka oringi mpya, ile pete ya mpira inayozuia oili kuvuja. Usirudishe ya zamani, na usiamini kwamba ipo kwa sababu kawaida huwa ipo. Iguse kwa kidole. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Airlines aina ya L-1011 iliondoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172, na plagi za sumaku za injini zake zote tatu zilikuwa zimefungwa bila oringi. Oili ilimwagika, injini zikazima moja baada ya nyingine, na marubani walifanikiwa kuwasha moja tena na kurudi Miami salama. Si helikopta, lakini kazi ile ya plagi ni hii hii unayoifanya wewe.

Hatua ya 5: Filta

Angalia kitufe chekundu cha kuonyesha filta imeziba. Kikiwa kimechomoza, usikirudishe ndani mpaka ujue sababu. Filta ya kutupa ikatwe, mikunjo yake ifunguliwe na kuoshwa kwa kimiminika safi, na kimiminika kipitishwe kwenye karatasi ya chujio. Shaba kutoka kwenye vizimba vya beringi na alumini kutoka kwenye kasha havishikwi na sumaku, hivyo hapa ndipo utakapoviona.

Halafu bolti za bakuli la filta. Tarehe 12 Machi 2009 helikopta ya Sikorsky S-92A ya kampuni ya Cougar ilikuwa inaelekea kwenye visima vya mafuta baharini mashariki ya Newfoundland, Canada, ikiwa na watu 18. Bakuli la filta ya giaboksi kuu lilishikwa na bolti tatu za titani. Kila filta ilipobadilishwa, nati zilezile zilirudishwa, nyuzi za titani (mistari ya kuzungushia nati) zikakwanguana, na torki iliyosomwa kwenye spana haikuwa tena mkazo halisi kwenye bolti. Bolti zikakatika, oili ikatoka yote, na dakika kama kumi na moja baadaye ndege ikaanguka baharini. Alipona mtu mmoja. Julai 2008 S-92 nyingine ilikatika bolti hizohizo Australia na kufanikiwa kutua, na Januari 2009 mtengenezaji alitoa maelekezo ya kuweka bolti za chuma ndani ya saa 1,250 za kuruka au mwaka mmoja. Muda huo haukuwa umeisha ajali ilipotokea.

Kwa hiyo nati ikiingia kwa ugumu usio wa kawaida kabla ya kufika chini, simama. Usiendelee kwa kutegemea tu kwamba spana ya torki itatoa mlio wake wa kuonyesha imefika. Toa, kagua nyuzi, na nati ambazo kitabu kinasema zibadilishwe zitupwe.

Hatua ya 6: Oili mpya

Tumia aina iliyoandikwa kitabuni tu, kutoka kopo lililofunguliwa leo. Oili hizi za sintetiki hunyonya unyevu wa hewa, na kopo lililokaa wazi Mombasa usiku kucha halifai tena. Vaa glavu.

Hatua ya 7: Washa, zima, rudia

Washa ndege ardhini, soma presha na joto, zima, kisha kagua uvujaji upya. Fundi wa pili mwenye idhini akague kwa macho yake, asisaini kwa kuambiwa.

MASWALI NA MAJIBU

Mwanafunzi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Taa ya chembe ikiwaka angani, rubani afanye nini?

Marahaba. Afuate kitabu cha urukaji cha ndege yake. Kwa jumla taa peke yake si sawa na taa inayoandamana na joto kupanda, presha kushuka au mtetemo. Dalili mbili zikija pamoja, nafasi ya kutua inahesabika kwa dakika, hata kama hapo chini ni mbugani au majini. Wewe fundi, ndege hiyo ikitua usikubali irushwe kurudishwa hanga kabla plagi haijatolewa na kusomwa palepale ilipo.

Rubani, Nairobi: Injinia, sisi tulifundishwa giaboksi inavumilia nusu saa bila oili. Si ndivyo sheria inavyosema?

Kapteni, kanuni ya helikopta kubwa za kundi A (zinazoweza kuendelea kuruka injini moja ikizimika) inataja dakika 30, lakini kanuni ya wakati S-92 ilipoidhinishwa iliacha mlango: mtengenezaji akionyesha kwamba kupoteza oili ni jambo la nadra mno, jaribio hilo halikuhitajika. S-92 ilipitia mlango huo. Mwaka 2002 giaboksi yake ilipojaribiwa bila oili iliharibika baada ya dakika kama kumi na moja, karibu sawa na ilivyokuwa Newfoundland. Fungua kitabu cha ndege yako uone kinasemaje kuhusu presha kuisha. Kikisema utue mara moja, maana yake ni mara moja.

Mwanafunzi, chuo cha anga Soroti: Naweza kuchanganya oili za kampuni mbili kama zote ni za kiwango kimoja, MIL-PRF-23699?

Nyingi zimetengenezwa ziweze kuchanganyika, ila anayeruhusu ni mtengenezaji wa helikopta. Usichanganye kamwe na oili ya madini au na ile ya kiwango cha MIL-PRF-7808.

Fundi, Arusha: Sampuli ya oili ikirudi safi kutoka maabara, plagi inaweza kusubiri?

Hapana, ndugu yangu. Kipimo cha spektra cha maabara kinaona chembe ndogo sana, chini ya maikroni kumi hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipande kilichobanduka kwenye beringi ni kikubwa kuliko hapo, na maabara inaweza kukikosa kabisa. Sampuli, filta na plagi zinaona saizi tofauti. Hata zote kwa pamoja zina mwisho wake: helikopta ya EC225 iliyoanguka Turøy, Norway, tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu 13 ilipasuka gia ya sayari bila plagi wala mfumo wa kupima mtetemo kutoa onyo. Ndiyo maana hata chembe chache unazozipata uzichukulie kwa uzito wote.

Fundi mdogo, Mwanza: Kaka, nimepata kipande bapa kwenye plagi, mkubwa wangu anasema nifute nirudishe kwa sababu wageni wanasubiri. Nifanyeje?

Mdogo wangu, andika kasoro kwenye logi ya ufundi ya ndege kabla ya kuendelea na mazungumzo, pamoja na saa uliyoiona. Ikishaandikwa, ndege haiwezi kuruka mpaka mwenye leseni aifunge kwa saini yake. Piga picha plagi kabla hujaigusa, weka kipande kwenye mfuko safi wa plastiki, utume picha kwa idara ya ubora ya kampuni yenu na kwa mtengenezaji. Maelekezo ya mtengenezaji yakija kwa simu, omba yarudiwe kwa maandishi, na uyasome pamoja na mwenye leseni mkiwa mmesimama mbele ya giaboksi hiyo.