Sheki badala ya ugali: jinsi ya kuipima, kuichanganya na kuiacha

Ubishi kuhusu sheki, yaani kinywaji cha unga wa kopo kinachonywewa mahali pa mlo ili kupunguza uzito, ukianza, iwe kwenye kibaraza cha saluni Mwanjelwa, Mbeya, au kwenye kikoba cha akina mama Kihesa, Iringa, huwa na pande mbili. Mmoja keshanunua kopo, na anaapa sketi yake ya zamani imeanza kufunga. Mwenzake anamjibu: "Shoga, siku ukiacha hiyo kitu utarudi na nyongeza." Kila mmoja ana hoja. Tatizo ni kwamba wanabishania kopo, na jambo lenyewe liko kwenye sahani ya usiku.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya sembe ina kalori kama 3,600 (ni zile ambazo lebo huandika kcal). Familia ya watu wanne ikisonga kilo hiyo na kuimaliza, kila mmoja amekula kalori 900 za ugali mtupu, kabla ya mboga na mafuta. Sheki iliyochanganywa sawasawa ina 250. Anayeweka sheki mahali pa ugali huo amepunguza 650 kwa siku, ambazo kwa wiki ni 4,550. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo matarajio ni kupungua kama nusu kilo na ushee kwa wiki. Siri ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Ndani ya unga hakuna kitu kinachoyeyusha mafuta. Sheki inafanya kazi kwa sababu ina kipimo, na mtu hakai mbele ya sufuria akijiuliza aongeze tonge au asiongeze.

Geuza hesabu hiyo uone inavyoharibika. Asubuhi mtu alikuwa anakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, kama kalori 500. Sasa anatwanga sheki kwenye blenda: unga kipimo kimoja, maziwa freshi mililita 300, ndizi mbivu kubwa, kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na asali kidogo. Hiyo inapita 450. Hajapunguza kitu, ila pesa imetoka. Wengi wanaosema "nimetumia mwezi mzima sijaona mabadiliko" wameponzwa na blenda.

Nani asiguse kopo kwanza

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kuwa na tabia ya kujinyima chakula au kujitapisha, hawa waache kabisa. Aliye kwenye dawa za TB au ARV asianze bila kuongea na kliniki yake, maana kwake kupungua uzito ni dalili ambayo mtoa huduma anaifuatilia. Ukiificha nyuma ya sheki unampoteza.

Hatari ya haraka zaidi ni kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari). Dozi yake ilipangwa kwa kufuata ugali aliokuwa anakula. Akila robo ya wanga ule kwa dozi ileile, sukari inaweza kushuka akaanguka njiani. Dozi ibadilishwe na daktari kabla ya sheki ya kwanza. Mwenye dawa za presha naye apime kila wiki, kwa sababu presha hushuka pamoja na uzito, na kizunguzungu cha kuinuka ghafla huanzia hapo.

Halafu jipime kama kweli una cha kupunguza. Chukua uzito wako wa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.62 anapata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene. Kama umepata 23 na unachotaka ni tumbo liingie ndani kwa ajili ya send-off ya mdogo wako, hii si njia yako.

Kusoma kopo

Kiwango cha kimataifa cha Codex (tume ya FAO na WHO ya viwango vya vyakula) kuhusu vyakula hivi, cha mwaka 1991, kinataka kinachoitwa mbadala wa mlo kiwe na kalori 200 hadi 400, na protini itoe angalau robo ya kalori hizo. Sasa chukua kopo la gramu 550 ambalo kipimo chake ni gramu 25. Gramu 25 za unga mkavu zina kalori kama 100 tu. Ukizikoroga na maji matupu hujala mlo, umekunywa kinywaji. Saa nne asubuhi utakuwa unatafuta chapati, na usijilaumu. Unga wa aina hiyo unahitaji maziwa ili ufike kwenye mlo, na gharama ya maziwa lazima iingie kwenye bajeti.

Bei nayo usiihesabu kwa kopo, ihesabu kwa mlo. Kopo hilo lina vipimo 22. Kwa sheki mbili kwa siku linaisha siku ya 11, kwa hiyo mwezi unataka karibu makopo matatu. Muuzaji anayesema "kopo moja linakutosha mwezi" anakuuzia sheki moja kwa siku tatu kati ya nne, au hajui hesabu.

Angalia nembo ya TBS, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama mfuniko wa karatasi chini ya kifuniko haujafunguliwa. Unga uliofungwa upya kwenye vifuko vya nailoni usinunue, hata kama muuzaji ni dada wa kanisani. Na ukiona bidhaa inaahidi kilo kumi kwa wiki mbili, kimbia. Chai na vidonge vya namna hiyo mara nyingi huwa na sena, ambayo inaharisha na kutoa maji tu. Vingine vimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo.

Kuchanganya

Kijiko cha ndani ya kopo ndicho kinachowakosesha watu. Kikirundikwa, gramu 25 zinakuwa zaidi ya 30. Jaza, kisha sawazisha kwa mgongo wa kisu. Kama huna mizani ya jikoni, peleka vipimo vinne kwenye mfuko mwepesi hadi duka la nafaka lenye mizani ya dijitali. Visome kama gramu 100. Vikisoma 130 umejua kwa nini kopo linaisha haraka.

Kimiminika kitangulie chupani, unga ufuate. Ukianza na unga, unagandamana kwenye kona za chini na hautoki hata utikise namna gani. Mililita 250 za maziwa zinatosha kipimo kimoja, zinaongeza kalori 150 na protini gramu 8. Maziwa ya kupima, yale yanayoteremka kutoka Rungwe kwenye madumu, yachemshwe kwanza yapoe. Hakuna sababu ya kukwepa ugali ukapata brusela, homa inayotokana na maziwa mabichi.

Juni na Julai hakuna mtu Mbeya anayetamani kinywaji baridi saa moja asubuhi, na hapa wengi wanamwagia unga maji yanayochemka. Protini inaiva papo hapo na kuwa madonge kama yai lililovunjikia kwenye supu. Fanya hivi: koroga unga na maziwa ya baridi robo kikombe mpaka upate rojo laini, ndipo umimine maziwa ya moto yaliyobaki huku unakoroga. Moto wake uwe ule wa chai unayoweza kupiga funda bila kupuliza. Ikishachanganywa inywe ndani ya saa mbili, na mpira wa kifuniko utoe uoshe peke yake. Harufu ya chupa huanzia hapo, si kwenye unga.

Ukijaa gesi au kuharisha, huenda ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa. Badili maziwa yawe mtindi, au tafuta unga wa soya.

Na kama kopo liko juu ya mfuko wako, mlo wenye kipimo unaweza kuutengeneza nyumbani. Mtindi mililita 400 na yai moja la kuchemsha ni kalori 325 na protini gramu 19 hivi. Au uji: unga wa soya gramu 30, ulezi gramu 20, maziwa mililita 200 na maji kiasi hichohicho. Nao unafika kwenye kalori 320 na protini gramu 19. Soya ichemshwe nusu saa, itolewe maganda, ikaushwe na kukaangwa kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi ina viini vinavyozuia protini kusagika tumboni. Korogea ulezi na soya kwenye maji baridi, pika dakika 15 hadi 20 tangu uchemke, maziwa yaingie mwishoni. Kwa mwinuko wa Mbeya, mita kama 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usiharakishe kuepua. Bila sukari, tafadhali. Upungufu wake ni kwamba hauna vitamini zilizoongezwa kiwandani, kwa hiyo uwe mlo mmoja wa siku, na usikose mboga usiku.

Siku inavyokwenda

Sheki asubuhi, sheki mchana, chakula cha kutafuna jioni, na tunda moja katikati: tufaa la Makete au peasi. Sahani ya jioni nusu yake iwe mboga ya majani, kama mnafu, chainizi au majani ya maboga. Robo iwe maharage, usipa wa Nyasa au mayai, na robo ugali wa gramu 100 za unga, yaani donge la ukubwa wa ngumi yako. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na jikoni kwetu kumimina kutoka kwenye dumu ni zaidi ya vijiko vitatu. Siku nzima itakaa kwenye 1,300 hadi 1,400. Mwanamume mwenye mwili mkubwa, au anayebeba mizigo, abadilishe mlo mmoja tu. Na anayelima kwa jembe asianze Novemba mvua za kupanda zinapoingia. Atasubiri palizi iishe.

Maji lita mbili. Kwenye baridi watu wanasahau, halafu wiki ya pili wanalalamika kuumwa kichwa na kukosa choo siku tatu. Sheki ina nyuzinyuzi chache kuliko maharage. Dawa yake ni maji na mboga ya jioni, vidonge vya kuharisha si dawa.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Wiki ya kwanza unaweza kuona kilo mbili zimekwenda. Usipige picha ya kutamba bado: mwili umetumia sukari ya akiba, na kila gramu ya sukari hiyo hukaa na maji gramu tatu hivi. Kuanzia wiki ya tatu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri.

Uzito ukigoma kushuka mwezi wa pili, tafuta kalori zinazoingia bila kuandikwa. Parachichi ni chakula kizuri, lakini gramu 200 za nyama yake ni kalori 320, sheki nzima ya pili. Kula robo. Bia moja ya nusu lita ni kama 200. Karanga za mfukoni za kutafuna kwenye bajaji, hizo ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayezihesabu. Nywele zikianza kukatika mwezi wa tatu, ni mwili kushtuka na kupungua haraka, na mara nyingi huota tena. Hakikisha tu protini ya siku inafika gramu 60. Ila maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula yanahitaji hospitali siku hiyohiyo: kupungua haraka hutengeneza mawe kwenye nyongo.

Kuhusu figo, ambalo ni kombora la kawaida la wapinzani: kwa mwenye figo nzima, protini gramu 20 za mlo mmoja hazizidi za kipande cha samaki. Anayestahili kuogopa ni mwenye presha au kisukari ambaye hajawahi kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Apime kwanza.

Kuacha

Hapa ndipo yule shoga mpinzani ana haki zaidi. Uingereza, utafiti wa DiRECT uliotoka mwaka 2017 uliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili sheki na supu tu, kalori kama 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya wahudumu wa afya. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa. Mwaka wa pili walibaki 36. Na hao walirudishiwa chakula taratibu kwa wiki kadhaa, wakafuatiliwa kila mwezi. Anayemaliza kopo Ijumaa na kurudi kwenye kilo ya sembe kwa watu wanne Jumamosi hana ulinzi huo. (Kalori 850 usijaribu peke yako.)

Kwa hiyo kopo la mwisho ligawanye. Wiki mbili za kwanza rudisha mlo wa mchana, ukipakua kwa kipimo kilekile cha jioni, na ubaki na sheki ya asubuhi. Wiki mbili zinazofuata tumia sheki siku moja, siku inayofuata mtindi na yai. Baadaye acha kabisa, lakini uwe na akiba ya vipimo kumi kwenye kopo jingine, ukilifunga vizuri mbali na unyevu wa jiko. Endelea kupima kila Jumatatu. Mizani ikipanda kilo mbili juu ya ulipoishia, usisubiri ifike tano: rudisha sheki moja mahali pa chakula cha usiku kwa siku kumi, na wiki hiyohiyo kaa na anayesonga ugali mpatane gramu za unga.