Mhadhiri msaidizi, linda saa zako kabla muhula haujafunguliwa

Mhadhiri msaidizi anayefundisha huku akisoma uzamivu huelemewa kidogo kidogo: leo kipindi cha mwenzake aliyesafiri, kesho ukatibu wa kamati, mwisho wa muhula mitihani ya darasa asilolifundisha. Kila ombi ni dogo, na linatoka kwa mtu unayemwamkia shikamoo. Kukataa papo hapo kwa mdomo ni kugumu. Kinachosaidia ni hesabu iliyoandikwa mapema.

Wiki mbili kabla ya muhula, orodhesha kwenye ukurasa mmoja kozi, semina, wanafunzi unaowasimamia na kamati, kila kimoja na saa zake. Kusahihisha ndiko kunakosahaulika zaidi. Vijitabu 300, kila kimoja dakika 10, ni saa 50. Sheria ya ajira ya Tanzania inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki, kazi zote pamoja. Kisha tenga asubuhi mbili za utafiti, mathalani Jumanne na Alhamisi, saa 2 hadi saa 6, uziandike kwenye ratiba kama kipindi. Nafasi tupu kwenye ratiba itajazwa na wengine. Zungumza na mkuu wa idara ana kwa ana, halafu siku hiyohiyo mtumie barua pepe yenye mliyokubaliana. Bila barua hiyo, makubaliano huondoka na mkuu anapobadilishwa.

Ombi jipya likija, usijibu "nitajitahidi", maana litahesabiwa kuwa ndiyo. Andika hivi:

"Shikamoo Profesa. Nimepokea ombi la kusahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza. Wiki hizo nina vijitabu 300 vya kozi yangu, vinavyotakiwa tarehe 20. Naomba unielekeze kipi kisubiri, au nani tugawane naye."

Heshima imebaki, na uamuzi umerudi kwa mwenye mamlaka. Usitaje sababu za nyumbani. Mtoto atatafutiwa wa kukaa naye, lakini saa 50 hazipungui.

Kuandika kumbukumbu za vikao mara nyingi huangukia wanawake na vijana. Pendekeza zamu kwa alfabeti kwenye kikao cha kwanza cha mwaka, kabla jina la mtu halijatajwa; baada ya hapo itaonekana unakwepa. Ukikatizwa ukizungumza, usibishane na aliyekukatiza. Sema, "Mwenyekiti, naomba nimalizie," kisha endelea kwa sauti ileile.

Maswali ya wanafunzi kwenye WhatsApp yapitie kwa kiongozi wa darasa, ujibu siku mbili zilizotangazwa. Ukimjibu mmoja saa 5 usiku, utaratibu umevunjika.

Kuhusu makala za utafiti mnazoandika pamoja, mwongozo wa ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba), unaofuatwa na majarida mengi ya tiba, unataka mwandishi awe amechangia utafiti kwa kiasi kikubwa, ameandika au kuhakiki rasimu, ameidhinisha toleo la mwisho na amekubali kuwajibika, yote manne. Kutafuta fedha pekee hakutoshi. Andikeni majina, mpangilio wake na kazi ya kila mmoja kabla ya kukusanya data, na mrekebishe pamoja mchango wa mtu ukibadilika.